Wito wa Mwalimu na Haki ya Saa Zake

Katika nyanda za juu za Mbulu na katika vijiji vilivyo chini ya mlima Hanang, ambako asubuhi za Juni na Julai baridi huuma vidole, mwalimu wa zamu aghalabu hufika shuleni kabla ya wanafunzi, akasimamia usafi na mstari, akaingia vipindini, na jua linapokaribia kuchwa akarejea maskani kwake na rundo la madaftari kwapani. Wazazi humsifu kwamba ana wito, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini je, mtu aliyeitwa kuhudumia watoto huwa amepoteza haki ya kupimiwa kazi yake?

Dini hazikubali hivyo. Amri ya Sabato, kama ilivyo katika kitabu cha Kutoka, haikumpumzisha bwana peke yake, bali iliwataja pia mtumwa, mgeni na mnyama wa kazi. Na mafakihi wa Kiislamu, walipozungumzia ijara, yaani mkataba wa kazi kwa ujira, walisharutisha kwamba ama kazi ijulikane ama muda wake ujulikane, ili asiwepo mtu wa kumtumikisha mwenziwe bila mpaka. Mkulima wa Mbulu naye, alimaye kwa maksai, huwafungua nira kabla jua halijawa kali, wala hapana anayesema kwamba maksai hao hawalipendi shamba.

Tufanye hesabu. Kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Akitumia dakika 2 tu kwa kila daftari, zoezi moja litamchukua saa moja na nusu, na darasa likifika wanafunzi 90 litamchukua saa 3, ghairi ya maandalio ya masomo, azimio la kazi, zamu na taarifa zinazotakiwa ofisini. Elimu bila ada, iliyoanza kutekelezwa Januari 2016, iliwafungulia mlango watoto wengi ambao karo na michango iliwazuia, na hiyo ni neema kubwa. Ila mzigo wake umemwangukia kwa sehemu kubwa mwalimu yule yule. Basi usiku, macho yakiwa mazito, alama ya vema hupita juu ya hesabu ya kutoa ambayo mtoto alisahau kukopa, na mtoto huyo hulala akiamini amepata. Hapo aliyedhulumiwa si mwalimu peke yake.

Wako watakaosema kwamba kuhesabu saa ni kuwapa wavivu kisingizio. Hasha: saa ikiwa amana, yamfunga mwalimu anayekiacha kipindi akaenda shambani kwake, kama imfungavyo mkuu anayemkalifisha kazi za watu wawili. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 iliweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa juma, na ukomo huo hauna maana ikiwa kusahihisha na kuandaa havihesabiwi kuwa kazi.

Ihsani ni hiari ya mwenye kuitoa, na kumdai mtu ihsani kabla ya kumtimizia haki yake ni dhuluma. Kwa hiyo wajumbe wa kamati za shule, mtakapoketi na walimu wakuu kupanga ratiba ya muhula, ziandikeni saa za madaftari pamoja na saa za vipindi, kisha ndipo muulize nani ana nafasi ya jukumu jingine.