Mzaha na Mipaka Yake

Ndugu zetu Waislamu! Dini yetu haikukataza kucheka. Mtume wetu (S.A.W.) akifanya mzaha na Masahaba zake, wala hakusema ila kweli. Mtu mmoja alimwomba mnyama wa kupanda, akamwambia kuwa atampa mtoto wa ngamia. Yule mtu akastaajabu, mtoto wa ngamia atampandaje? Mtume akamfahamisha kuwa hakuna ngamia asiyekuwa mtoto wa ngamia. Kicheko kilikuwapo, uwongo haukuwapo, wala aliyefanyiwa mzaha hakuvunjiwa heshima.

Sasa natuitazame mizaha yetu. Kijana wa Mombasa au Lamu akienda kufanya kazi Laiser Hill au Kitengela, katika nchi ya Kajiado, hukuta watu wa kila kabila, na huenda akachezewa kuwa watu wa pwani ni wavivu, tena wafuga majini. Akitusimulia twachukia, na ni haki yetu. Lakini Mmasai akija huku pwani kulinda milango yetu usiku, sisi twamwitaje? Na Muislamu mwenzetu ambaye babu yake alikuwa mtumwa, mbona wako barazani wanaomtania kwa jambo hilo, hali utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya tangu mwaka 1907? Tukiulizwa, twajibu kuwa ni utani tu.

Sivyo! Utani una kanuni zake. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, lakini kila upande una haki ya kujibu, na msiba ukitokea mtani huja kusaidia. Huyu wetu hana ruhusa ya kujibu. Hucheka nasi kwa kuona haya, na moyo wake unalia.

Mwenyezi Mungu, katika Surat al-Hujurat, aya ya 11, amekataza watu kuwadharau wengine, kwani huenda hao wakawa bora kuliko wao, na amekataza kuitana kwa majina mabaya. Abu Dharr, pamoja na ubora wake, alipomtukana mtu kwa mama yake, Mtume alimkanya kuwa bado anayo tabia ya ujahili.

Basi atakaye kujua kama mzaha wake ni halali, na amwache mwenziwe amjibu kwa mfano wake. Akighadhibika, na ajue kuwa tangu mwanzo haukuwa mzaha. Mwenyezi Mungu atukinge na shari ya ndimi zetu. Amin.