Ladha si Cheo

Neno jini lina kazi mbili kwa Kiswahili. Kuna jini wa mbuyuni na kuna jini ya chupani, na watu wa Dar es Salaam huwachukulia wote wawili kwa tahadhari. Jina la yule wa chupani lilitoka mbali. Waholanzi waliita kinywaji chao jenever, kwa sababu ya tunda la mti wa juniperi linalokipa harufu. Waingereza wakalikata neno hilo kwa ufupi, sisi tukaliongezea irabu mwishoni. Umoja wa Ulaya unalilinda jina hilo kwa sheria: pombe isiyotawaliwa na ladha ya juniperi, au yenye kilevi chini ya asilimia 37.5, haiwezi kuuzwa kama jini. Konyagi yetu, yenye asilimia 35, ingekwama mlangoni. Na hata jina Konyagi ni la kuazima. Limetokana na konyaki ya Ufaransa, ambayo ni brandi ya zabibu, wakati hii yetu chanzo chake ni miwa.

Naanza na majina kwa sababu swali linalonisumbua ni la majina. Ni wakati gani kunywa kunaitwa kuonja, na ni wakati gani kunaitwa ulevi?

Mimi napenda jini. Naishi ghorofa ya nne, karibu na Mtaa wa Sikukuu, na Jumamosi moja moja tunakutana watu watano. Kila mtu huja na alichojaliwa. Aliyetoka Nairobi ataleta Procera, jini inayotengenezwa kwa tunda la mtarakwa, juniperi wa milima ya Afrika Mashariki, mti uleule ambao mbao zake zilitumika kutengeneza penseli. Aliyepita Kampala ataleta Uganda Waragi. Ambaye mwezi umemkalia vibaya atapita grosari achukue mzinga wa Konyagi, na wala hachekwi.

Kazi yangu ni kuandaa vya kuchanganyia. Jini kavu ya mtindo wa London naiwekea toniki, sehemu moja kwa tatu, na kipande cha ndimu. Toniki iwe imelala kwenye friji, kwa maana kwa joto la Dar ukiimimina ya moto juu ya barafu inatoa gesi yote hapo hapo, unabaki na maji machungu. Procera ina harufu ya kokwa na majani mabichi. Ukiitia tangawizi umeifukia, kwa hiyo naipa toniki tupu na ganda la chungwa. Hendrick's, ambayo imeshatiwa tango na waridi tangu kiwandani, inataka kipande cha tango tu. Waragi inapatana na nanasi. Konyagi ni laini, ina utamu wake wa chini, na soda tamu huumaliza. Hiyo naiwekea ukwaju: nauloweka, nauchuja, natia tangawizi iliyotwangwa na chembe ya chumvi, halafu maji ya gesi juu yake.

Vyote hivyo napata bila kupanda daladala. Ukiwa Kariakoo, hata viungo vilivyomo ndani ya jini za Ulaya utavikuta kwenye magunia: giligilani, iliki, mdalasini, maganda ya machungwa. Kuna mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma ninayenunua iliki kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo pilau?"

"Leo kinywaji, mzee."

Aliniangalia kidogo, akapima, akaongeza punje kadhaa nje ya mzani. "Basi na chai utie," akasema.

Wanazuoni wa fiqhi wamejadili kwa karne nyingi kama inafaa kumuuzia zabibu mtu unayejua ataigeuza mvinyo. Sijui mzee yule anafuata kauli ipi. Ninachojua ni kwamba alinipa ruhusa na nasaha kwa sentensi moja, na hakunivunjia heshima. Jirani zangu wengi hawanywi, na kuishi nao kumenifundisha kwamba starehe yangu ina mashahidi.

Ina historia pia, tena chungu. Uchungu wa toniki ni kwinini, dawa ya malaria iliyotokana na magome ya mti wa sinkona. Waingereza waliokuwa India waliichanganya na sukari, maji na jini ili ipite kooni, na mwaka 1858 mtu wa London aitwaye Erasmus Bond akapata hataza ya toniki. Huku kwetu Wajerumani walipanda sinkona Amani, kwenye milima ya Usambara. Katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi lao lilipokatiwa dawa, lilichemsha magome na kunywa maji yake. Yalikuwa mabaya kiasi kwamba askari waliyabandika jina la kamanda wao kwa kejeli, Lettow-Schnaps. Upande wa Waingereza, mizigo ilibebwa na Waafrika wa kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao walikufa, wengi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Kambi yao ilikuwa hapa, na jina la kikosi chao, likiwa limepita kwenye midomo ya wenyeji, ndilo Kariakoo.

Wapagazi hawajaondoka. Yupo kijana wa mkokoteni anayenisaidia mizigo kutoka Mtaa wa Kongo. Jengo letu halina lifti. Siku moja alipandisha kreti ya toniki mpaka juu, akaona chupa zimepangwa kwenye rafu.

"Bosi, hizi zote mnazimaliza leo?"

"Hapana, tunaonja tu."

Akacheka, akajifuta jasho. "Mimi nikionja naitwa mlevi."

Hakusema kwa hasira, akapokea hela yake na kushuka. Lakini sentensi ile haikushuka naye. Nimejaribu kuijibu kwa uaminifu, na jibu la kwanza nililipata kwa Aristotle.

Katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako, Aristotle anasema jambo la kushangaza kuhusu mtu asiye na kiasi: kwamba mtu huyo, kwa kweli, haitumii ladha. Kutofautisha ladha ni kazi ya wanaoonja mvinyo na wanaotia viungo kwenye chakula. Asiye na kiasi hafurahii kutofautisha. Anachofurahia ni ule mguso wa kitu kinapopita. Ndiyo maana anamtaja mlafi mmoja aliyeomba koo lake lirefuke kuliko la korongo.

Nilipoisoma hoja hiyo niliipenda, labda kuliko ilivyostahili. Ilinipa tofauti ya kweli kati ya Jumamosi zetu na kulewa. Anayeuliza kama iliki imezidi yuko macho. Anayetaka kuzima kichwa hajali iliki. Na mpaka sasa naamini kuna ukweli ndani yake: kukizingatia kitu kunakifanya kitoshe. Glasi moja iliyosikilizwa vizuri inachukua saa nzima.

Lakini hoja hiyo ina mipaka miwili. Wa kwanza ni mwili. Ini halisomi lebo. Kilevi cha Procera na kilevi cha gongo vyote ni ethanoli, na ganda la chungwa halipunguzi hata tone. Wa pili ndio uliobebwa na kijana wa mkokoteni ngazi hadi ngazi: kuzingatia kuna gharama yake. Ili uonje unahitaji kuwa umekula, umekaa, una friji, una umeme wa kuligandisha barafu, na kesho yako haikuhitaji saa kumi na moja alfajiri. Mtu aliyesukuma magunia kutwa, mgongo unawaka, hana nafasi ya kutofautisha giligilani na mdalasini. Kile ninachokiita tabia yangu njema, sehemu yake kubwa ni ratiba yangu nzuri.

Historia ya jini inaonyesha jinsi watawala walivyochanganya mambo haya mawili. Mwaka 1751 William Hogarth alichora mtaa wa London ulioharibiwa na jini, mama amelewa mtoto anamponyoka, na mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kuibana. Wakati ule jini ilikuwa pombe ya maskini. Leo mji huohuo unaiuza ikiwa na maua kwenye glasi. Mwaka 1919 mataifa ya kikoloni yalitia saini Saint-Germain-en-Laye mkataba wa kuzuia pombe kali za bei rahisi zisiingizwe sehemu kubwa ya Afrika, na Waafrika wasichemshe zao. Ilisemwa ni kuwalinda. Kwenye klabu za Wazungu jini na toniki ziliendelea kama kawaida.

Uhuru haukubadilisha sana kipimo hicho. Uganda ilipitisha Sheria ya Enguli mwaka 1965: wachemshaji wa vijijini walitakiwa kuwa na leseni na kuuza pombe yao kiwandani, ambako ilisafishwa na kutiwa kwenye chupa kwa jina la Uganda Waragi. Kimiminika kikiwa kwa mama wa kijijini asiye na leseni ni kosa, kikitoka kiwandani ni fahari ya taifa. Kenya iliipiga marufuku chang'aa mwaka 1980 na kuihalalisha mwaka 2010.

Hapa kwetu mfano wa karibu ni viroba, vile vipakiti vya plastiki vya pombe kali. Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kuvipiga marufuku, na kuanzia Machi 1 vikaondoka. Niliunga mkono uamuzi ule na bado nauunga mkono. Pakiti inayoingia kwenye mfuko wa sare ya shule, bei yake chini ya sahani ya wali maharage, iliua watu. Dereva aliweza kuinywa akiwa kwenye foleni ya taa. Na gongo isiyopimwa na mtu yeyote inaweza kumpofusha anayeinywa. Sitaki kumwonea huruma maskini kwa kutetea kinachomuua.

Ila kuna kitu tulichofanya pamoja na marufuku ile ambacho hakikuwa lazima. Tuliongea kana kwamba tatizo lilikuwa aina ya watu. Mitandaoni tuliosoma tuliwacheka wanywa viroba, halafu jioni tukapiga picha glasi zetu zenye mvuke. Sheria ilipima madhara, ambayo ndiyo kazi yake. Sisi tukapima heshima, na mizani tuliyotumia ilikuwa bei.

Basi ladha ina thamani gani kimaadili? Nadhani ina thamani kwa mwenye nayo, kama ilivyo kusoma vizuri au kusikiliza taarabu mpaka ukajua fidla inaingia wapi. Inamfanya mtu awe mahali alipo. Haimpi cheo juu ya mwingine. Na kwa kuwa ladha ni rahisi kuigeuza kisingizio, mtu anahitaji njia ya kujipima.

Mimi kipimo changu nimekipata kwa mmoja wetu watano. Ni Mwislamu, hanywi, lakini Jumamosi hakosi. Anakuja kwa ajili ya maongezi na kwa ajili ya ukwaju. Namchanganyia kila kitu kama wengine, barafu, tangawizi, chumvi, maji ya gesi, bila jini. Ndiye mwenye ulimi mkali kuliko wote. Ndiye aliyegundua kwamba ndimu iliyokamuliwa asubuhi huwa chungu ifikapo jioni, na kwamba iliki iponjwe muda uleule wa kutumika. Anaonja kwelikweli, na hana chochote cha kusingizia.

Kwa hiyo kila baada ya wiki kadhaa kuna Jumamosi ambayo wote tunakunywa anachokunywa yeye. Hatuiti mfungo wala toba. Ni jaribio tu. Kama ninachopenda ni ladha, usiku ule haupaswi kunipungukia sana. Jini ina harufu zake ambazo ukwaju hauna, nazo nazikosa. Lakini kama ifikapo saa tatu naanza kuangalia rafu, nimejua jambo kuhusu nafsi yangu ambalo Hendrick's isingeniambia.

Kijana wa mkokoteni naye, siku nyingine alipopandisha maji, nilimpa glasi ya ukwaju ule. Alikunywa yote kwa mkupuo mmoja, amesimama, kama anavyokunywa mtu mwenye kiu. Sikumwuliza kama ameisikia iliki. Nilimvutia kiti, nikamjazia ya pili, akakaa.