Mtambo wa Kale Katika Kasha Jipya

Msomaji wangu, saa ni kitu kidogo, lakini huweza kumwuliza mtu swali kubwa. Swali nitakalokueleza lilinijia kutoka katika kopo la majani ya chai, na kwa kuwa nilishindwa kulijibu kwa siku moja, naliweka mbele yako tulitazame pamoja. Mtu akichukua mtambo wa saa ya kale iliyokuwa ikitiwa mfukoni, akauweka katika kasha jipya, akatia mkanda na kuivaa mkononi, je, ameihifadhi saa ile au ameiharibu?

Usidhani kuwa hili ni swali la mafundi peke yao. Kila mrithi huulizwa swali hilo hilo kwa maneno mengine: ana ruhusa gani juu ya kitu alichoachiwa na watu ambao hawawezi tena kusema?

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Kabla ya vita vikuu vya mwaka 1914 hadi 1918, wanaume wengi wenye saa walizitia mfukoni, zimefungwa kwa mkufu. Vita vile vilibadili desturi. Askari aliye handakini hana nafasi ya kupekua mfuko. Basi saa nyingine ndogo za mfukoni zilichomelewa vishikio vya waya, zikapitishwa ukanda, zikafungwa mkononi. Kwa hiyo kazi tunayoizungumza si uzushi wa leo. Ndani ya saa ya namna hiyo mna kamani iliyokunjwa, ambayo huhifadhi nguvu ya vidole vya mtu aliyeitia ufunguo. Mna magurudumu yenye meno yanayoipokea nguvu hiyo na kuipitisha. Na mna gurudumu moja jembamba linaloyumba huku na huku, ambalo ndilo hakimu wa mwendo wote. Katika saa nyingi za zamani mtambo hupiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara 432,000 kwa usiku na mchana. Ni kazi kubwa kwa kitu kinachoweza kufunikwa na kiganja.

Kisumu ni mji uliolelewa na saa. Reli kutoka Mombasa ilifika ukingoni mwa ziwa tarehe 20 Desemba 1901, mahali palipoitwa wakati huo Port Florence, na pamoja na reli ukaja utii wa dakika. Babu yangu aliingia katika utii huo. Katika miaka ya 1950 alikuwa gadi wa gari la moshi chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika ya Mashariki, na alinunua kwa mtu mwingine saa ya mfukoni yenye kasha la fedha. Baba alituambia kuwa kila jioni mzee aliitia ufunguo kabla ya kula, wala hakumruhusu mtoto yeyote kuigusa kabla ya kunawa mikono.

Babu alipofariki saa ilimfikia baba. Mwaka nilioitwa kuingia shule ya sekondari, mavuno yalikuwa haba na karo ilikuwa haipatikani. Baba aliipeleka saa kwa sonara. Sonara alilivua kasha, akalipima kwa mizani, akalilipia, kisha akamrudishia baba mtambo na uso wake, maana havikuwa na thamani katika mizani yake. Fedha ya kasha ikawa fedha ya karo. Mtambo ulifungwa katika kitambaa, ukawekwa katika kopo la majani ya chai juu ya kabati, na humo ulikaa miaka zaidi ya ishirini. Basi ujue, msomaji, kuwa anayekuandikia alisomeshwa na mwili wa saa hiyo.

Msiba huu haukuwa wetu peke yetu. Mwezi Januari mwaka 1980 bei ya dhahabu ilipanda hata dola 850 kwa aunsi moja, na makasha mengi ya saa katika nchi za mbali yaliyeyushwa, mitambo ikabaki uchi. Mkaaji wa Kisumu haoni ajabu kwa habari hiyo. Viwandani minofu ya mbuta hukatwa ikasafirishwa ng'ambo, na mifupa yenye kichwa hubaki. Akina mama wa Obunga huinunua mifupa hiyo, wakaikaanga na kuiuza kwa jina la mgongo wazi, na jamaa nyingi hushiba kwayo. Mtambo usio na kasha ni mgongo wazi wa saa. Aliyeuokota na kuutia uhai hastahili lawama.

Lakini hapa pana mpaka ambao hatuna budi kuuona. Mwuza mgongo wazi hakumvua samaki kwa ajili ya mifupa. Aliikuta imekwisha achwa. Wako watu wachukuao saa nzima, yenye kasha lake na afya yake, wakaivunja ili wapate mtambo, kwa sababu saa ya mkono huuzika upesi kuliko ya mfukoni. Kumlea yatima ni jambo jema. Kumwua mzazi ili umpate yatima wa kumlea ni uovu, hata ukimlea vizuri namna gani.

Nilipomweleza fundi saa mmoja mzee, anayekaa barazani mjini na lenzi yake jichoni, habari za kopo letu, aliniambia, "Mwalimu, ulete niutazame." Lakini shangazi yangu alikataa. Alisema, "Mwanangu, kitu cha marehemu hakishonwi upya kama suruali. Kopo lile linasema kweli. Linasema tulikuwa na kitu, tukapungukiwa, tukakiuza ili usome. Ukikivalisha nguo mpya, nani atajua?"

Sikuweza kumjibu upesi, na hata leo naona maneno yake yana uzito. Vitu vilivyovunjika ni mashahidi, na shahidi akipambwa sana ushahidi wake hupotea. Hata hivyo niliona pia upande wa pili. Saa iliumbwa iende. Mafuta yake yakikauka na unyevu wa ziwa ukiiingia, kutu huila kimya kimya, na siku moja shahidi wa shangazi atakuwa vumbi asiyesema lolote.

Hoja yangu ya kwanza niliipata Dunga, wanakovua. Ubao wa mashua ukioza hung'olewa, ukapigiliwa mwingine, na baada ya miaka mingi mbao za kwanza huwa chache. Lakini mwenyewe huiita mashua kwa jina lile lile. Wagiriki wa kale walibishana juu ya merikebu ya Theseus kwa sababu hiyo hiyo. Nikasema moyoni, basi saa nayo itakuwa ile ile. Lakini nilipotafakari zaidi niliona nimejidanganya. Mashua hubadilishwa ubao mmoja mmoja huku ikivua. Saa ya babu ilivuliwa mwili wote kwa siku moja, ikalala miaka, kisha ingevikwa mwili wa namna nyingine. Mfano ulio karibu zaidi ni ule wa jina. Wajaluo wana desturi ya kumpa mtoto jina la jamaa aliyefariki. Hakuna asemaye kuwa mtoto yule ndiye babu, wala hakuna adhaniye kuwa mtoto ameliiba jina. Jina ni la kale, mwili ni mpya, na wote wanajua. Vivyo hivyo, saa ile haitakuwa saa ya babu. Itakuwa saa yangu yenye mtambo wa babu.

Shangazi aliposikia hayo alinyamaza, kisha akanipa kopo.

Fundi hakunificha hasara. Aliniambia kuwa mtambo wa zamani hauna kinga ya mshtuko, na ekseli ya gurudumu lile jembamba yaweza kuvunjika saa ikianguka. Kuwa mkono hurushwa huku na huku ilhali mfuko hutulia. Na kuwa nisinawe nayo. Alinionyesha pia kuwa kichwa cha kutilia ufunguo kilikuwa juu, kwenye kumi na mbili. Kikielekezwa upande wa kulia, kama desturi ya saa za mkono, akrabu ndogo ya sekunde itahama kutoka chini na kukaa kushoto. Kisha alisema neno nililolipenda: hatauchonga mtambo ili uingie katika kasha, bali atatafuta kasha litakaloupokea mtambo, hata likiwa kubwa. Kila kipande atakachokitoa nitarudishiwa, ili mtu wa baadaye akitaka kuturekebisha aweze. Huo ni unyenyekevu wa fundi: kutambua kuwa yeye si wa mwisho.

Jaribu kubwa lilikuja kwa mtu mwingine, mfanyabiashara aliyeiona kazi ikiendelea. Alinishauri tuandike jina la reli usoni, tuseme kuwa yote ni ya asili, naye angeninunulia kwa bei ambayo mshahara wangu wa miezi kadhaa haufikii. Nakiri, msomaji, kuwa usiku ule nilipiga hesabu. Kilichonizuia ni jambo dogo. Sisi tusemao Kiswahili, akrabu ikiwa kwenye saba asubuhi, husema ni saa moja. Uso wa saa waonyesha hili, kinywa chatamka lile, wala hapana uongo, kwa kuwa mapatano yanajulikana na wote. Uongo hauzaliwi na tofauti kati ya umbo na neno; huzaliwa pale mmoja anapoijua tofauti hiyo na kumficha mwenziwe. Saa yenye mtambo wa kale na kasha jipya ni halali ikiitwa hivyo, na ni hila ikiitwa vingine. Nilimkatalia.

Leo naivaa, katika kasha la chuma na mkanda wa ngozi ya mbuta iliyotengenezwa hapa Kisumu. Shangazi hajasema kuwa nilitenda vema. Aliiweka sikioni muda mrefu, akanirudishia, akaniagiza nilitunze kopo na vipande vilivyomo.

Kijana, hutarithi saa tu. Utarithi lugha, desturi, shamba, na pengine shule au nchi iliyotengenezwa na wengine kwa haja zao. Hutaweza kuviacha vyote kabatini, wala huna haki ya kuvivunja vyote. Jiulize maswali matatu. Kitu hiki nimekikuta kimeachwa, au ni mimi ninayekivunja? Nikikosea, ajaye ataweza kukirudisha? Na nitakapomkabidhi mwingine, nitamwambia kweli yote? Yajibu hayo kwanza, ndipo ushike bisibisi.