Kujibu au Kunyamaza: Swali la Udukuzi na Haki ya Anayeuliza

Kila mahali ambapo watu wa kompyuta hukutana mtandaoni kuulizana maswali, huwapo mmoja au wawili waliopewa kazi ya kuamua swali lipi lipite na lipi lifutwe. Mara nyingi kazi hiyo ni nyepesi. Ugumu huja pale mtu anapouliza namna ya kuingia mahali palipofungwa: kompyuta ambayo nywila yake imesahauliwa, simu iliyojifunga, akaunti ya mtu mwingine, Wi-Fi ya jirani. Maarifa ya kufungua ni yale yale, awe anayefungua ni mwenye nyumba au ni mwizi. Je, msimamizi ana haki ya kumnyima mtu jibu kwa sababu ya ubaya ambao bado hajautenda, na pengine hatautenda kamwe?

Jibu la kwanza ambalo wengi wetu hulitoa ni kwamba atazame nia. Mwenye nia njema ajibiwe, mwenye nia mbaya afukuzwe. Tatizo ni kwamba nia haionekani. Msimamizi ana mistari mitatu au minne tu kutoka kwa mtu asiyemjua kwa jina wala kwa sura, kwa hiyo kinachohukumiwa hasa ni lugha. Hapo sisi wa upande huu wa dunia tuna la kusema. Mwanafunzi wa Gulu au wa Bukavu, ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu, atauliza kwa neno alilolisikia kwenye filamu: anataka kudukua simu. Hajui kwamba wenye fani husema "kupima usalama wa mfumo". Swali lake linafutwa, na pengine anaambulia matusi. Mwizi ambaye amekwisha kujifunza msamiati wa fani anauliza jambo lile lile kwa adabu, anataja maabara na mradi wa chuo, na siku hiyo hiyo anajibiwa. Chujio la namna hii linawapitisha wabaya wenye ufasaha na kuwazuia wasiojua kusema.

Kwa sababu hiyo wapo wanaodai kwamba kila swali lijibiwe. Hoja yao ni kongwe kuliko kompyuta. Mwaka 1851, London ilipokuwa na Maonyesho Makuu, fundi wa makufuli kutoka Marekani aitwaye Alfred Charles Hobbs alilifungua kufuli la Chubb bila ufunguo kwa muda wa nusu saa hivi. Kisha akaligeukia kufuli la Bramah, ambalo lilikuwa limekaa dirishani mwa duka kwa miongo kadhaa pamoja na ahadi ya gini 200 kwa yeyote atakayeliweza. Lilimchukua saa 51 katika siku 16, akaliweza. Kukazuka ubishi mkubwa, wengine wakilalamika kwamba mambo kama hayo yakitangazwa wezi watafundishwa kazi. Upande wa Hobbs ulijibu kwamba wezi wanaijua kazi yao tayari. Asiyejua ni mwenye duka anayelala usingizi mzito akiliamini kufuli bovu. Sisi husema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa ambao hukuonyeshwa utauziba vipi?

Hoja hii ina nguvu, na yaliyotokea mwaka 2017 yanaiunga mkono kwa kiasi. Shirika la ujasusi la Marekani, NSA, liliujua udhaifu mkubwa katika Windows likaufanya siri, likautengenezea zana ya kuutumia. Baadaye siri hiyo iliibwa. Microsoft ilitoa marekebisho mwezi Machi, zana yenyewe ikaanikwa hadharani mwezi Aprili, na tarehe 12 Mei kirusi cha WannaCry kikaanza kufunga mafaili ya watu na kudai fidia. Kilifika katika nchi zaidi ya 150. Hospitali za Uingereza ziliahirisha miadi na upasuaji. Usiri haukumlinda mgonjwa hata mmoja.

Lakini tukiangalia vizuri, tukio hilo linawapinga pia wanaotaka kila kitu kijibiwe. Marekebisho yalikuwapo tangu Machi, na bado kompyuta nyingi zilibaki wazi, kwa kuwa kutangaza ufa na kuuziba ni kazi mbili tofauti. Nafikiria mikahawa yetu ya intaneti yenye Windows za kunakiliwa ambazo hakuna anayezisasisha. Tena kilicholeta maafa kilikuwa zana iliyokamilika, tayari kwa yeyote kuibonyeza. Hobbs hakumgawia mtu funguo za maduka ya London. Alifungua makufuli ambayo wenyewe walikuwa wamejigamba kwamba hayafunguki.

Hapa ndipo ninapoona njia. Sheria ya Uganda ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 haikatazi mtu kujua jinsi mfumo unavyovunjwa. Inakataza kuingia bila idhini. Msimamizi naye, badala ya kuhangaika na moyo wa anayeuliza, aulize: nani hayupo katika mazungumzo haya, na je, idhini yake inakwepwa? Mtu akiuliza kwa nini nywila fupi huvunjika haraka, hakuna mtu maalumu anayeguswa. Ajibiwe, hata kama anaandika vibaya na jina lake linatisha. Lakini mume akiuliza jinsi ya kusoma jumbe za mkewe bila yeye kujua, yupo mtu wa tatu, na maneno "bila yeye kujua" yamekwisha kutuambia kwamba idhini haipo. Hatuhitaji kujua kama mume huyo ni mpole au mkali. Huenda ana wasiwasi wa kweli, na hilo halibadilishi kitu.

Kigezo hiki hakimalizi ugumu wote. Chukua simu za mitumba. Mtu amenunua simu katikati ya Kampala, amelipa fedha za haki, na usiku akiifuta ili aanze upya simu inadai akaunti ya mwenye awali. Kinga hiyo iliwekwa kwenye Android ili simu iliyoibwa isiwe na faida kwa mwizi. Mnunuzi anauliza namna ya kuiruka. Ninaamini wengi wanaouliza hivyo ni waaminifu. Hata hivyo nisingemjibu, kwa kuwa mtu asiyekuwapo ni yule aliyekuwa na simu kabla, na huenda aliporwa kwenye kituo cha teksi. Ningemwambia mnunuzi amrudie muuzaji, amdai akaunti ifunguliwe au fedha zirudishwe. Najua muuzaji huenda hayupo tena pale. Hasara hiyo inamwangukia mtu asiye na kosa, na sioni haki ya kuipamba kwa maneno mazuri.

Kwa kuwa kukataa kuna gharama, namna ya kukataa nayo ni jambo la maadili. WannaCry ilizuiwa kwa sehemu kubwa na kijana Mwingereza wa miaka 22, Marcus Hutchins, aliyeona jina la tovuti ndani ya msimbo wa kirusi hicho akalisajili. Mwezi Agosti mwaka huo huo alikamatwa Marekani kwa programu ya kuiba taarifa za benki aliyoiandika miaka kadhaa nyuma. Mwaka 2019 alikiri, na hakimu hakumfunga jela zaidi ya muda aliokwisha kuutumikia, akitilia maanani mazuri aliyoyafanya. Hutchins mwenyewe amesimulia kwamba akiwa mvulana aliyajifunza haya katika vikundi vya mtandaoni ambamo uharibifu ulisifiwa. Wapo watakaosema hiyo ni sababu ya kumfukuza kila mvulana wa aina yake. Mimi naona kinyume: huko alikokwenda kulikuwa na watu waliokuwa tayari kumjibu, na hawakumuuliza lolote.

Kufuta swali bila neno, kwa hiyo, ni uvivu unaojiita tahadhari. Mistari miwili inatosha: sitakuonyesha jinsi ya kuingia kwenye simu ya mwenzako, ukitaka kujua jinsi ujumbe unavyofichwa unapokuwa njiani, uliza, nami nitakueleza hadi uchoke. Wengine watakasirika na kuondoka. Baadhi watauliza hilo la pili.