Mavazi ya Wanafunzi: Kitambaa cha Binti na Kichwa cha Mwana

Bismillahi. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu vazi la kumsitiri na kumpamba, kisha akatujulisha kuwa vazi la ucha Mungu ndilo lililo bora. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu, twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mwaka wa masomo ukianza hutujia darasani pamoja na upepo wa kaskazi, nalo ni nguo na nywele za watoto wetu waendao shule za sekondari.

Muhula wa kwanza wa mwaka mmoja, baada ya swala ya Isha, alitujia baba mmoja wa mji wetu hali amejaa ghadhabu. Binti yake, aliyeingia kidato cha kwanza, alikuwa amerudishwa langoni siku tatu mfululizo kwa ajili ya kitambaa chake cha kichwa. "Masheikh zangu," akasema, "dini yetu yapigwa vita. Niandikieni barua kali, na wakikataa nitakwenda mahakamani." Tuliingiwa na uchungu, kwani siku tatu za masomo si kitu kidogo kwa mtoto aliye mgeni, na kutaka kujisitiri si kosa. Walakini kabla ya kushika kalamu tulimwomba atuonyeshe karatasi ya kanuni aliyopewa siku ya kumwandikisha binti. Akaitoa mfukoni, imekunjwa vile vile alivyopewa. Tulipoikunjua tukakuta imeandikwa waziwazi kwamba mwanafunzi Mwislamu ana ruhusa ya kuvaa kitambaa cheupe kisicho na pambo, chenye kufunika kichwa na kifua. Na chini yake pana saini ya baba.

Je, kitambaa alichorudishwa nacho binti kilikuwa cha namna gani? Kilikuwa cha hariri, rangi ya zambarau, kimetiwa shanga za kumetameta pembeni, nacho kilinunuliwa kwa ajili ya Idi.

Baba akanyamaza. Hakuwa ameisoma ile karatasi.

Wala hatuyaandiki haya ili kumcheka ndugu yetu. Sisi wenyewe tumetia saini karatasi nyingi bila ya kuzisoma, na tukiulizwa twasema tulikuwa na haraka. Lakini saini ni ahadi, na sura ya Al-Maida yaanza kwa kuwaamrisha walioamini watimize mapatano yao. Hapakusemwa kuwa ni mapatano na Waislamu tu. Mwalimu mkuu, awe wa dini gani, tukimwekea saini tumeahidi, na ahadi tutaulizwa.

Sasa twarejea kwenye kikao chetu, kwani palikuwa na jambo la pili. Kando ya baba alikuwa amekaa mwanawe wa kiume, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Pande za kichwa chake zilikuwa zimenyolewa kwa wembe hata ngozi yang'aa, na katikati zimeachwa nywele zimesimama kama shungi la jogoo. Suruali yake ya shule ilikuwa imepunguzwa na fundi hata yambana miguu, na kiunoni imeteremka. Baba alizungumza nasi kwa muda mrefu juu ya kichwa cha binti yake, na kichwa cha mwanawe, kilichokuwa chini ya taa karibu na bega lake, hakukitaja hata kwa neno moja. Tulipomwuliza, alicheka akasema, "Huyo ni mwanamume, masheikh. Ni ujana tu."

Neno hilo ndilo lililotufanya tuandike makala hii.

Tufungue sura ya An-Nur, mahali ambapo Mwenyezi Mungu amefundisha adabu za kutazama na kujisitiri. Ni nani aliyeanza kusemeshwa? Aya ya 30 yawasemesha wanaume: wainamishe macho yao na wazihifadhi tupu zao. Kisha ndipo ikaja aya ya 31 kwa wanawake, nao wakaamrishwa hayo hayo, na wakaongezewa kuteremsha shungi zao juu ya vifua vyao na kuyaficha mapambo yao. Basi sisi tumeichukua ile ya pili tukaipigania hata mahakamani, na ile ya kwanza tumeiruka kama mtu arukaye ukurasa wa chuo. Tumemfanya binti kuwa mlinzi wa dini ya nyumba nzima, na kaka yake tumemwachia afanye apendavyo.

Na hizo nywele vijana wetu wadhani ni uzushi wa zama zao! Wazee wetu walikuwa na neno lake: waliita kunyoa denge, kuondoa nywele pande zote na kuacha fungu utosini. Waarabu wa zamani nao walilijua, wakaliita kaza'. Ibn Umar, Mwenyezi Mungu amridhie, amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alilikataza jambo hili, na hadithi yake imo katika Bukhari na Muslim. Na katika mapokezi mengine alimwona mtoto aliyenyolewa hivyo, akawaamrisha watu wake wamnyoe chote au wamwachie chote. Tazameni, ndugu zetu: mfano wenyewe ulikuwa mtoto, na walioambiwa walikuwa wakubwa wake. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema kunyoa hivyo ni makuruhu. Hatusemi ni haramu, wala hatupendi kuongeza katika dini yasiyokuwamo. Lakini hapa kanuni ya shule na mafundisho ya Mtume yamekwenda njia moja, na ajabu ni kumwona Mwislamu akiyapinga yote mawili kwa ajili ya picha ya mcheza mpira.

Mwaka 2019 binti mmoja wa Marasta, aliyeingia kidato cha kwanza Nairobi, alirudishwa nyumbani kwa sababu ya nywele zake alizozisokota, naye husema ni katika imani yake. Baba yake alikwenda Mahakama Kuu, na mwezi wa Septemba mwaka huo huo mahakama ikampa haki. Imani yake si imani yetu, lakini yule mtoto alijua nywele zake ni kwa ajili ya nani. Mwana wetu akiulizwa denge lake ni kwa ajili ya nani, atajibu nini?

Ama suruali, jambo ni zito kuliko nywele. Utupu wa mwanamume katika swala, kwa madhehebu yetu, ni baina ya kitovu na magoti, na kuusitiri ni sharti. Nendeni msikiti wowote ulio karibu na shule wakati wa Adhuhuri, msimame safu za nyuma. Kijana akirukuu shati hupanda, na akisujudu suruali hushuka, na ngozi iliyopasa kufunikwa yaonekana na kila aliye nyuma yake. Masikini, amekimbia juani kuiwahi jamaa, ameacha chakula chake cha mchana, na swala yake imo hatarini kwa sababu ya inchi mbili za kitambaa ambazo fundi alilipwa azipunguze. Na fedha alizolipwa fundi zilitoka kwa nani, kama si kwa baba?

Sasa turudi kwa mabinti, kwani nao wana haki ya kuambiwa kweli. Sheria imetaka nguo isitiri, isionyeshe mwili kwa wepesi wake, wala isichore maungo kwa kubana. Haikuchagua rangi. Basi shule ikisema nyeupe, au rangi ya sare, haikuigusa dini hata kidogo, na anayedai kuwa Uislamu ni nyeusi peke yake hajui asemalo. Na zile shanga na nyuzi za dhahabu ni zile zile tuzionazo leo katika mabuibui ya mama zao. Buibui liliwekwa lifiche pambo. Siku hizi lenyewe limekuwa pambo, na laning'inizwa madukani kwa bei ambayo ingemlipia yatima karo. Mtume (s.a.w.) hakuchukia nguo nzuri. Mtu mmoja alimwuliza kama kupenda nguo na viatu vizuri ni kiburi, naye akamfahamisha kuwa Mungu apenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Sare ya shule imewekwa ili mtoto wa mchukuzi na mtoto wa tajiri wakikaa dawati moja pasiwe na wa kumdharau mwenzake. Anayetia shanga juu ya sare airudisha ile dharau mlango wa nyuma.

Hata hivyo tusije tukadhaniwa kuwa twasema shule hazikosei. Ziko zinazomwamrisha binti aliyebaleghe avue kitambaa chake ndipo aingie darasani, na hiyo ni dhuluma, wala mzazi haifai kunyamaza. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 32, yampa kila mtu uhuru wa kuifuata dini yake na kuidhihirisha, naye hanyimwi nafasi ya masomo kwa sababu ya imani yake. Wenzetu wa Ufaransa hawana mlango huo: tangu sheria ya mwaka 2004 binti haingii shule ya serikali na kitambaa kichwani, na mwaka 2023 wakakatazwa hata yale majuba marefu.

Lakini yatupasa tuijue vema kesi ya Isiolo, kwani wengi huitaja na wachache huifahamu. Kanisa la Methodist, lililokuwa mdhamini wa shule moja ya sekondari huko, lilipinga wasichana Waislamu kuvaa hijabu na suruali pamoja na sare. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Meru ililipa kanisa haki. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikaigeuza hukumu, ikawapa wasichana ruhusa. Kisha tarehe 24 Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaiondoa hukumu hiyo, na sababu haikuwa kwamba hijabu ni kosa, bali ni namna madai ya mzazi yalivyoingizwa katika kesi. Ikaielekeza halmashauri ya shule ishauriane na wahusika juu ya kanuni zake, wenye dini wapate kuangaliwa.

Ikiwa ndivyo, jambo limerudi wapi? Limerudi katika chumba cha mkutano wa shule. Na kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika halmashauri ya shule ya umma huwamo watu sita waliochaguliwa kuwawakilisha wazazi au watu wa mahali pale. Sita! Mkutano wa wazazi ukiitishwa Jumamosi asubuhi, sisi tuko barazani twanywa kahawa na kuzungumza siasa. Kanuni zaandikwa bila yetu, mwezi wa Januari twazikuta lango la shule, ndipo twapiga kelele kuwa dini yapigwa vita.

Barua tuliiandika usiku ule ule, na haikuwa kali. Tuliishukuru shule kwa ruhusa iliyoitoa, tukaomba radhi kwa kosa la nyumbani, tukamwomba mwalimu amsaidie binti kwa masomo ya siku tatu zilizompita, na tukauliza kama halmashauri yaweza kufikiri juu ya suruali ndefu kwa wasichana wakati wa michezo. Baba aliichukua mwenyewe kwa mkono wake. Nyanya wa binti alikata kitambaa cheupe cha pamba, akakipindia ncha kwa sindano kabla ya alfajiri, na siku hiyo mtoto aliingia darasani.

Ama kijana, hakuonekana darasani kwetu siku kadhaa. Ijumaa iliyofuata alikuja baada ya Magharibi amevaa kofia ya vito aliyoivuta hata masikioni. Mmoja wetu alimwomba aivue, akaivua kwa haya. Kichwa kilikuwa kimenyolewa chote, na baba yake, aliyekaa nyuma yake, alikuwa akituuliza mkutano wa wazazi utakuwa lini.