Nani Kaliiba Ziwa?

Ukitoka Tunduma na foleni yake ya malori, ukashika njia ya Kamsamba, unaiacha nyanda ya juu na kushuka mpaka kwenye Bonde la Rukwa. Mto Momba nao unashuka upande huohuo. Chini huko kuna ziwa lisilo na mto wa kulitoa maji kwenda baharini. Maji huingia kwa Momba, kwa Songwe na kwa mito mingine, kisha jua huyachukua. Kwa hiyo mvua ikipungua miaka michache tu, ziwa linasogea.

Na limesogea kweli. Mwaka 1929 Ziwa Rukwa lilikuwa na urefu wa kilomita 48 hivi. Mwaka 1939 lilikuwa na kilomita 128 hivi. Mtoto aliyezaliwa akakuta nyasi na ng'ombe, alifika umri wa kwenda shule akakuta maji. Ukirudi nyuma zaidi, miaka 10,000 hivi iliyopita, Rukwa lilijaa hadi likafurika na kumwaga maji yake Ziwa Tanganyika. Alama za fukwe za zamani bado zipo juu kwenye kingo za bonde. Wakati huo sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa na mvua nyingi kuliko leo, na wanasayansi wanahusisha hali hiyo na mabadiliko ya polepole ya jinsi dunia inavyoyumba inapolizunguka jua. Yumbo likabadilika, mvua zikapungua, ziwa likashuka.

Mchana nasoma shahada ya uzamili. Usiku naandika riwaya ya fantasia, na kwa mwandishi wa fantasia historia hii ni mali. Sina haja ya kuazima majira ya baridi yasiyokwisha ya riwaya za Wazungu. Ninao wavuvi ambao ziwa lao linaondoka ndani ya umri wa mtu mmoja. Ninao mtumbwi uliolala katikati ya malisho, na koo mbili zilizowekeana mpaka kwenye maji ambayo hayapo tena.

Rafiki yangu aliposoma sura za mwanzo aliniuliza swali moja: "Sasa nani kaliiba hilo ziwa?" Alitaka adui. Alipendekeza ajuza anayeishi peke yake mlimani, aliyeifunga mvua ndani ya chungu. Mwishoni shujaa anakivunja chungu, ajuza anakufa, mvua inanyesha.

Ni pendekezo la mtu anayezijua hadithi. Katika fantasia nyingi ukame una mwenyewe: mfalme mwovu, laana, kiapo kilichovunjwa. Msomaji anapenda hivyo kwa sababu ubaya wenye sura unaweza kupigwa. Lakini mimi naandika nikiwa Tanzania, na hapa ajuza wa chungu si mtu wa kubuni tu.

Mwaka 2005 mwanauchumi Edward Miguel alichapisha utafiti wake kuhusu vijiji vya Meatu, kaskazini mwa nchi yetu. Alikuta kwamba katika miaka ya mvua iliyopita kiasi, iwe ukame au mafuriko, mauaji ya watu wanaodaiwa kuwa wachawi yalikuwa mara mbili ya miaka mingine. Karibu wote waliouawa walikuwa wanawake wazee, na mara nyingi waliowaua walikuwa ndugu zao. Katika maeneo kadhaa ya nchi, macho mekundu yamechukuliwa kuwa dalili ya uchawi. Bibi yangu ana macho mekundu. Amepikia kuni kwenye mafiga maisha yake yote.

Utaniambia hakuna aliyewahi kushika panga kwa sababu ya riwaya. Nakubali. Wauaji wa Meatu hawakuhitaji kitabu. Walikuwa na njaa, hofu, na pengine mdomo mmoja wa ziada wa kulisha. Msomaji naye anajua kuwa chungu cha mvua hakipo. Hata hivyo hadithi zinatuzoesha jambo fulani. Zinatuzoesha kuuliza "nani?" kabla ya kuuliza "nini?", na kuridhika jibu linapokuwa mtu wa karibu, dhaifu, asiye na wa kumtetea. Tabia hiyo msomaji haiachi kitabuni anapokifunga.

Kuna pingamizi zito zaidi. Ukame wa siku hizi si yumbo la dunia peke yake. Joto linaloongezeka lina mkono wa binadamu: makaa ya mawe, mafuta, viwanda vya karne mbili. Je, nikiandika ziwa linaloondoka bila mkosaji, siwasafishi wakosaji halisi?

Nimelifikiria sana hili, na naona kwamba swali la "nani" si haramu. Kinachotakiwa ni lijibiwe kwa ushahidi, na ushahidi mara nyingi unatupeleka mbali na nyumbani. Moshi wa mafiga umeyaharibu macho ya bibi, lakini mchango wa Tanzania nzima katika kuipasha dunia joto ni sehemu ndogo mno. Anayemnyooshea bibi kidole anakosea kwa namna mbili: anamwonea asiye na hatia, na anampa nafasi mwenye hatia ajiendee zake. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Haki ya kwanza ya mnyonge ni kutobebeshwa mvua.

Kwa hiyo katika ulimwengu wangu ziwa linaondoka kwa sababu ya yumbo, na hakuna mhusika anayejua hilo. Adui wa kupigwa hayupo, lakini hatia ipo tele, nayo inaanza baada ya maji kuondoka. Nani alifunga ghala? Nani aliuza maji ya kisima kwa ndoo? Baraza lilimfanya nini mwanamke aliyeletwa mbele yake amefungwa kamba?

Historia inaniunga mkono. Tabaka za tope chini ya Ziwa Naivasha, Kenya, zinaonyesha vipindi vitatu vya ukame, takriban 1390 hadi 1420, 1560 hadi 1625, na 1760 hadi 1840, vyote vikali kuliko ukame wowote uliorekodiwa huko katika karne ya 20. Watafiti walipovilinganisha na masimulizi ya wazee wa Afrika Mashariki, walikuta miaka hiyo inakaribiana na ile inayosimuliwa kuwa ya njaa, vurugu na kuhamahama. Mvua ilipungua bila kumuuliza mtu. Kuhama, kugawana na kupigana yalikuwa maamuzi ya watu, na masimulizi yakayahifadhi.

Rafiki yangu bado anaona riwaya ingeuzika zaidi ikiwa na ajuza na chungu chake. Huenda. Lakini Rukwa lilikuwa limenywea mwaka 1929, na miaka 10 baadaye maji yalikuwa yamerudi bila chungu chochote kuvunjwa. Ziwa linaweza kurudi. Bibi aliyeuawa kwa ajili yake harudi.