Ndagala wa Siku za Marufuku



Nianze na nafsi yangu. Ziwa likiwa limefungwa, nilikuta ndagala wabichi Buyenzi, wadogo kama njiti za kiberiti. Nikanunua, nikawaficha chini ya madaftari. Nilijiambia: samaki ni halali, wala sikuvua mimi. Usiku tulipokaa kula, mwenzangu wa chumbani akaniuliza, "Kama ni halali, mbona uliwaficha?" Sikuwa na jibu.

Ndagala huyu, ambaye wataalamu humwita Stolothrissa, ni jenasi yenye aina moja tu ya samaki, na asili yake ni Ziwa Tanganyika. Urefu wake hufika kama sentimita 10, na maisha yake ni mafupi, kama mwaka mmoja hivi. Akivuliwa kabla ya kutaga, ameondoka na kizazi chake. Ndiyo maana uvuvi husimamishwa. Mwaka 2024 wenzetu wa Tanzania waliusimamisha ziwani humu kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti.

Surat Al-A'raf, kuanzia aya ya 163, inataja mji uliokuwa kando ya bahari. Samaki walikuwa wakiwajia juu juu siku ya Sabato, siku waliyokatazwa kuvua. Siku nyingine hawaji. Wafasiri wanasimulia kwamba baadhi yao walitega kabla na kutoa samaki baadaye, wakidai hawakuvua siku ile. Kundi jingine likawakemea. Kundi la tatu likauliza, ya nini kuwaonya? Aya zinatueleza kuwa waliokataza uovu ndio waliookolewa.

Sisemi kwamba kufungwa kwa ziwa ni sawa na Sabato. Lakini hila yangu ilikuwa ndugu ya hila yao. Mvuvi mwenye njaa huenda ana udhuru mbele ya Mola wake. Mimi niliyekuwa na maharage chumbani nina udhuru gani? Na yule mvuvi mwaminifu aliyeanika nyavu zake akisubiri, haki yake niliila mimi.

Ndugu zangu, tukiwaona tena ndagala wa siku za marufuku, tupite. Tumwambie muuzaji kwa upole, "Mama, tutarudi ziwa likifunguliwa." Allah atujaalie tuache kwa hiari kile tunachoona haya kukibeba hadharani. Amin.